Mbolea Iliyooshwa Maji Matatu

Miaka ile gesi ilipopatikana baharini kwetu, kila uliyemuuliza pale Palma anafanya kazi gani alijibu gesi. Dereva wa lori: gesi. Muuza vocha: gesi. Binamu yangu alipata kibarua cha kuchemsha chai kwenye kambi ya wageni, naye akajiita mtu wa gesi, akawa anavaa miwani ya jua mpaka kwenye arusi za ndani ya nyumba. Mimi nikiulizwa nilijibu, tena kwa sauti, "Mavi ya mbuzi na matumbo ya samaki." Watu walicheka. Nami nilicheka nao, maana nilijua kazi yangu na sikuona cha kuonea haya.

Nilikuwa fundi wa maabara ya udongo. Nilisomea kilimo kwa Kireno, nikaajiriwa katika mradi wa kutafiti mbolea za kienyeji za pwani. Watu wengi wanadhani mbolea ni mbolea, ukishaimwaga shambani umemaliza. Haki ya Mungu si hivyo. Kuna mbolea yenye nitrojeni nyingi, mahindi yanajaa majani mpaka unajisifu kwa jirani, kumbe magunzi matupu. Kuna yenye fosforasi ya kutosha, mizizi inashika, lakini potasi hakuna na punje hazijai. Kazi yangu ilikuwa kuichukua mbolea, kuichemsha, kuidondoshea dawa, na kusema ina nini na haina nini. Nikishasema, nimesema. Sikuwa mtu wa "labda" wala "huenda".

Sasa, katika vikundi tulivyovifuata kimoja kilikuwa cha wanawake wa upande wa Tungue, na kiongozi wake alikuwa mama yangu mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Mjane, mwembamba, ulimi kama wembe. Shamba lake la zamani lilikuwa ufukweni, upande uliokwisha kuwekewa alama za kujengwa mitambo ya gesi, na alikwisha kuambiwa asipande tena kitu cha kudumu kule. Kilichombakia ni kile kiwanja cha majaribio.

Kiwanja hicho kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Olumbi, tambarare, kina kisima. Serikali ya wilaya iliwaazima kinamama kwa ajili ya utafiti wetu, kwa sharti lililo wazi: mbolea yao ikifikia kiwango, kiwanja kinabaki mikononi mwao walime, isipofikia, kinapewa mwingine. Na huyo mwingine tulimjua. Wakandarasi walikuwa wanatafuta ardhi tambarare ya kuwekea mabomba na makontena, na walikipenda kiwanja kile kwa macho kila walipopita. Mama mdogo alikuwa akiwaona wanapunguza mwendo wa gari, anasema, "Angalieni tu. Macho hayana pazia."

Mbolea yao waliitengeneza wenyewe. Walichimba mashimo, wakatia matumbo na mifupa ya samaki kutoka kwa wachuuzi, mwani uliotupwa ufukweni, majivu ya jikoni, mavi ya mbuzi, majani ya mkorosho, wakafunika kwa makuti na kuacha vioze. Niliyaona mashimo yale na kuyanusa, na moyoni nikasema hii itapita. Lakini macho na pua si kipimo. Nikawaita kinamama, nikawafundisha namna ya kuchukua sampuli: msichote juu tu, chukueni juu, katikati na chini, pembe zote, changanyeni pamoja, gawanyeni, jazeni mfuko. Walinisikiliza kwa adabu zote. Mama mdogo aliuliza, "Na mifuko hii inakwenda mpaka mjini?" Nikamwambia ndiyo, mpaka maabara. "Wataishika watu?" Wataishika, nikasema. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jukumu zito, na mimi nikafurahi kwamba ameelewa uzito wa sayansi.

Mifuko ilikuja imefungwa vizuri kweli, kwa uzi mwekundu. Nikasafiri nayo hadi maabara ya mkoani na kuanza kazi. Mwenzangu wa meza ya pili alifungua mmoja akanusa, akasema, "Wee, mbolea ya kwenu inanukia!" Nikamwambia watu wa pwani ni wasafi, mifuko itakuwa ilitunzwa kwenye sanduku la nguo. Tukacheka, nikaendelea.

Majibu yalipotoka sikucheka. Fosforasi ilikuwa nyingi, sawa, mifupa ya samaki ile. Nitrojeni ilikuwa kidogo, ya kutia aibu. Potasi karibu hakuna. Nilirudia. Nikabadilisha chupa, nikabadilisha dawa, nikarudia tena, majibu yaleyale. Sikuwa na shaka na mikono yangu. Nilichopima nilikipima sawasawa, na karatasi ikaandikwa hivyo.

Mkuu wa mradi wetu, chefe kama tulivyomwita sote, alikuwa bwana mmoja kutoka kusini mwa nchi, mtaalamu wa kilimo, mtu wa haki lakini mkavu. Aliisoma karatasi, akanirudishia. "Haikufikia," akasema kwa Kireno. "Nasikitika. Nitaiarifu wilaya." Nikamwambia kuna kitu hakiko sawa. Akaniuliza, "Vipimo vina makosa?" Nikasema hapana, vipimo ni vyangu. "Basi?" akauliza. Siku ileile wakandarasi walikuja na tepu wakaanza kupima kiwanja kwa urefu na upana, bila hata kuvua kofia kwa kinamama waliokuwa wamesimama pale. Nilihamaki, damu ikanipanda kichwani. Lakini ningewaambia nini, na karatasi ina sahihi yangu?

Niliichukua ile karatasi nikakaa nayo. Nikaisoma kama mtu anayemsoma mwongo usoni. Na hapo ndipo nilipouona mstari ambao chefe hakuujali na mimi nilikuwa nimeupita haraka: chumvi. Kipimo cha chumvi tunakichovya kwenye maji yaliyochanganywa na mbolea, na mshale unapanda kadiri chumvi ilivyo. Kwenye sampuli zile mshale haukusogea. Maji yale yalikuwa kama ya mvua. Jamani! Mbolea ya mwani na matumbo ya samaki, isiyo na chumvi? Haiwezekani. Hata shati la mtu anayetembea tu ufukweni lina chumvi kuliko vile. Nikaondoka mbio kwenda kwa mama mdogo.

Nilimkuta uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa kesi?"

"Mlinitilia nini kwenye ile mifuko?"

"Mbolea."

"Mbolea ya wapi?"

"Ya shimoni. Ulitaka ya wapi, ya Ulaya?"

"Mama mdogo, mbolea yenu haina chumvi. Chumvi imekwenda wapi?"

Basi uso wake ukafunguka, akatabasamu kama mtu ambaye hatimaye kazi yake imeonekana. "Ah! Umeiona eeh? Chumvi tuliitoa. Tuliosha."

Nilikaa chini, palepale kwenye mchanga, bila mkeka.

"Mliosha mbolea."

"Maji matatu," akasema. "Kama mchele wa arusi. Ya kwanza yalitoka meusi, ya pili mekundu, ya tatu meupe. Tukaanika juu ya mkeka mpya, tukafukuza kuku mchana kutwa. Halafu tukafukiza udi kidogo, si mwingi, wa kuondoa ile harufu tu." Aliponiona nimemtumbulia macho, akawaka. "Sasa ulitaka tupeleke mavi mjini? Kwa watu waliosoma? Wayashike kwa mikono yao, wayanuse, waseme wanawake wa Tungue ndivyo walivyo? Kwa nani umeona kitu cha kupelekewa mtu kinakwenda kichafu?"

Na alikuwa anasema kweli. Kwetu hata samaki wa kumpa jirani wa mlango wa pili hatoki nyumbani na magamba. Anaparwa, anaoshwa, anawekwa kwenye sahani, anafunikwa kawa, ndipo anabebwa. Mtu akikupelekea kitu na uchafu wake amekutukana, na amewatukana waliomlea. Nilikuwa nimewafundisha wachote wapi na wachanganye vipi. Kwamba wasioshe, nani angewaza kusema? Katika vitabu vyangu vyote vya Kireno hakuna ukurasa uliosema mwambie mkulima asiioshe mbolea.

Nilianza kucheka. Nikacheka mpaka machozi, na mama mdogo akazidi kununa. Kisha nikajifuta, nikamweleza. "Mama mdogo, chakula cha mmea kinayeyuka majini. Ndiyo maana mizizi inaweza kukinywa. Yale maji meusi ndiyo yaliyokuwa mbolea yenyewe. Mliyoniletea ni makapi. Yale maji mliyamwaga wapi?"

Aligeuza kichwa tu, akaangalia pembeni ya bafu. Pale palikuwa na mpapai. Ulikuwa mpapai wa siku zote, niliupita mara elfu, lakini sasa majani yake yalikuwa mapana, kijani cha kukaribia weusi, na mapapai yamesongana shingoni mpaka yanasukumana.

"Kumbe," mama mdogo akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi nilidhani ni dua ya jirani."

Ndipo nikamwambia yaliyobaki: kwamba karatasi imeshafika kwa chefe, na kwamba waliokuja na tepu hawakuja kupima kwa mchezo. Akayaweka maharage chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo usafi wetu ndio unatutoa shambani." Niliumia. Nikamwambia hatoki mtu shambani mimi nikiwa hai, na nilimaanisha.

Chefe hakucheka nilipomsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasugua paji la uso. "Mara ya kwanza wameleta mbolea iliyooshwa," akasema. "Mara ya pili wataleta iliyopakwa nini?" Nikamwambia waniulize mimi, mimi ndiye ninayejua. Akasema hapana, hilo haliwezi kumtosha mtu wa wilaya. "Wewe ni mtoto wa dada yake." Hapo alinipata. Basi, akaamua, atakwenda mwenyewe na kuichota kwa mikono yake mbele ya watu. Na mpaka majibu ya pili yarudi, mtu asipande kitu. "Kiwanja kikichukuliwa, magari yataingia siku hiyohiyo," akasema. "Sitaki mazao ya watu chini ya matairi. Hiyo ni kesi ambayo hakuna atakayeitaka, wala wao wakandarasi hawaitaki."

Nikampelekea mama mdogo maneno hayo kama yalivyo. La kutopanda lilimchoma, maana mawingu yalishaanza kukusanyika. Lakini lililomtisha zaidi lilikuwa lile lingine. "Aje mwenyewe? Aingize mkono? Mgeni?" Alishika kichwa. "Toba yarabi! Si bora wachukue tu hicho kiwanja!" Nilimwacha alalamike mpaka achoke, ndipo nikamwambia, "Chagua, mama mdogo. Aibu ya siku moja, au makontena." Akanitazama vibaya sana. Kisha akasema, "Mwambie aje."

Alikuja asubuhi. Kinamama wote walikuwa wamevaa khanga zao nzuri, wamejipanga kama wanapokea bibi arusi. Chefe alisalimia, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti ukingoni mwa shimo. Makuti yalipofunuliwa, harufu ilipanda kwa nguvu hata dereva wetu akarudi garini akafunga vioo. Chefe hakurudi nyuma. Alizamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa tope jeusi lenye miiba ya samaki na nyuzi za mwani, akatia kwenye ndoo, akahamia pembe nyingine. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa uchungu, "Mgeni wa watu anashika matumbo, na sisi tumesimama tunaangalia!" Mama mdogo alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya khanga, jicho moja tu linaonekana, na jicho hilo lilikuwa limejaa machozi. Sikuwa nimeelewa mpaka wakati ule kwamba nilichomwomba kilikuwa kikubwa. Alikuwa anaivua heshima yake hadharani ili apate mahali pa kulima.

Chefe alipomaliza hakuna aliyemsogelea isipokuwa mama mdogo. Alikuja na beseni, birika na sabuni, akammwagia maji, akamsugua mwenyewe mikono mpaka kiwikoni, kidole kwa kidole. "Mwambie atusamehe," akaniambia bila kuinua macho.

Chefe akajibu kwa Kireno, "Mwambie inanuka vizuri."

"Anasema inanuka vizuri, mama mdogo."

"Muongo mkubwa," akasema mama mdogo, huku anamfuta kwa taulo jeupe. Hilo sikulitafsiri.

Nikasafiri tena na ndoo ile imefungwa kwa lakiri ya chefe. Nitrojeni niliipima kwa zamu ndefu ya kuchemsha na kudondosha dawa tone kwa tone, mpaka rangi ilipogeuka, na iligeuka mbali kabisa na pale ilipogeuka mara ya kwanza. Potasi ilikuwa nyingi. Nilipiga kofi mezani, mwenzangu akaruka. Lakini bado chumvi. Hapo, nakiri, niliogopa. Maana chumvi ikiwa hakuna, sampuli imeoshwa; chumvi ikizidi, mbolea inaua mahindi yakiwa machanga, na karatasi itakataa kwa sababu nyingine. Nikachovya kipimo. Mshale ukapanda. Ukapanda tena. Nikawa nausemesha, basi, basi, basi hapo, mama. Ukasimama chini kidogo ya mstari wa hatari, ukatulia. Mwani ule ulikuwa umenyeshewa ufukweni masika nzima kabla ya kutiwa shimoni, na matumbo waliyachukua mabichi, kabla samaki hawajatiwa chumvi. Ilitosha. Nikarudia kwa ajili ya karatasi, si kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimeshajua.

Mvua za kwanza zilinyesha nikiwa bado kule. Nilimpigia simu mama mdogo, moyo unaniuma nikiwafikiria na mbegu zao mikononi. "Hamjapanda, eti?"

"Hebu rudia," akasema. "Yule chefe wako alisema anaogopa nini?"

Nikarudia: hataki mazao ya watu chini ya matairi, ni kesi.

"Haya," akasema. "Mtandao mbovu," na simu ikakatika.

Niliporudi Palma wiki mbili baadaye, chefe aliisoma karatasi akiwa amesimama, mstari kwa mstari. Akaisoma tena. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu, akapiga mhuri, akapiga simu wilayani mbele yangu na kusema wakandarasi watafute pengine. "Twende tukawaambie wenyewe," akasema. Njia nzima nilikuwa nimejaa kifua. Nilishapanga jinsi nitakavyoisoma ile karatasi kwa Kiswahili, nitrojeni kwanza, na nitakavyosimama.

Tulipofika, gari likasimama, na hakuna aliyeshuka.

Kiwanja kizima kilikuwa kijani. Kunde, mistari kwa mistari, kutoka barabarani mpaka kisimani, kila mche umeshatoa majani yake na umesimama vizuri, na karibu na barabara, pale magari yangeingilia, walikuwa wamepanda kwa kubananisha zaidi kuliko kwingine kote. Mama mdogo alikuwa katikati anapalilia. Alituona, akainuka, akashika kiuno.

Nilishuka na karatasi yangu. "Imepita!" nikapiga kelele. "Mama mdogo, imepita! Kiwanja chenu!"

"Alhamdulillahi," akasema. Akanitazama mimi, akamtazama chefe. "Wewe uliziamini namba zako, mwanangu, na umefanya vizuri. Mimi sikuwa na namba. Nilisikia tu kwamba wanaogopa kukanyaga mazao ya watu, basi nikaweka mazao. Na kama karatasi yako ingekataa, ningekaa hapahapa nilipo, nimwangalie usoni huyo wa kwanza kuwasha gari."

Chefe akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akaingia shambani kumsalimia, akipita katikati ya mistari polepole ili asikanyage hata mche mmoja.